Ada na Jembe

Kuna swali ambalo watu wengi hulipita kama mtu apitaye jiwe kando ya njia: je, mtu aliyelipa ada ya kitu cha shirika amemaliza wajibu wake kwa kitu hicho? Mwenye haraka atajibu kuwa amemaliza. Fedha ni jasho lililokaushwa. Atoaye fedha ametoa jasho lake, na aliyetoa jasho hadaiwi jembe. Jibu hilo lina sura nzuri, na katika mambo mengi ya soko ni la kweli. Anunuaye mkate hadaiwi kukanda unga. Lakini kitu cha shirika si mkate. Mkate huliwa ukaisha, na mwuzaji na mnunuzi wakaachana kwa salama. Kitu cha shirika hutumiwa leo na kutakiwa kesho, na kila akitumiaye hukiacha kizima zaidi au kibovu zaidi kuliko alivyokikuta. Yafaa basi swali hili lipimwe kwa vitu viwili ambavyo kwa macho havifanani hata kidogo: kiwanja cha gofu cha chama cha wanachama, na ndiva ya maji katika milima ya Upare wa Kusini, ambamo Chome imekaa chini ya kilele cha Shengena.

Mtu atazamaye kiwanja cha gofu kutoka barabarani huona nyasi, miti, na watu watembeao pole pole. Kazi haioni. Kiwanja cha mashimo 18 huchukua hekta 50 au zaidi, na hapana hatua moja ya ardhi hiyo iliyo nzuri kwa bahati tu. Ule uwanda mdogo uzungukao shimo, uitwao grini, hukatwa alfajiri karibu kila siku, kabla ya wachezaji kufika, mpaka nyasi zibaki na kimo cha milimita 3 hadi 5. Nyasi zilizofupishwa hivyo ni kama mtoto aliyeachishwa ziwa mapema: huona kiu upesi, huungua upesi, na hushikwa na maradhi upesi. Kwa hiyo ardhi yake hutobolewa ipate kupumua, hunyunyiziwa mchanga ipate kusawazika, na hunyweshwa maji kwa kipimo. Shimo lenyewe, lenye upana wa milimita 108, halikai mahali pamoja. Watunzaji hulihamisha mara kwa mara ili nyayo za watu zisije zikaua nyasi za upande mmoja. Katika nchi kavu za Afrika Mashariki, ambako maji hayakutosha kulea nyasi laini namna hiyo, viwanja vingi vilitumia mchanga uliochanganywa na mafuta mahali pa grini, na baada ya kila mchezo mchanga huo ulivutwa na kusawazishwa upya.

Ajabu ni kwamba nyasi zinazoheshimiwa sana katika viwanja vya nchi za joto ni jamaa ya ukoka, ule ule ambao mkulima huung'oa kwa laana katika shamba la mahindi. Ukoka wa Afrika ulichanganywa na ndugu yake wa Afrika Kusini katika kituo cha utafiti cha Tifton, jimbo la Georgia, Marekani, na mwaka 1956 ikatolewa mbegu iliyoenea katika viwanja vya dunia. Basi kile kilicho gugu kwa mmoja ni zulia kwa mwingine, na tofauti haimo katika jani, imo katika matunzo.

Juu ya kazi hizi kubwa, ambazo hufanywa na watu wa mshahara, kuna kazi ndogo ambazo kwa desturi ya mchezo huo humwangukia mchezaji mwenyewe. Mpira uangukapo juu ya grini kutoka mbali huacha kovu. Aliyeupiga hutakiwa kuinama na kuliinua kovu hilo kwa kijiti. Likiinuliwa mara moja hupona baada ya muda mfupi. Likiachwa nyasi hufa, na pengo hukaa kwa majuma. Fimbo ing'oapo bonge la udongo na nyasi, mpigaji hulirudisha bonge mahali pake na kulikanyaga. Aingiaye katika shimo la mchanga hufuta nyayo zake kwa reki kabla ya kutoka. Kazi hizi hazichukui hata dakika moja kila moja, wala hazihitaji nguvu wala elimu. Walakini ndizo zinazoachwa zaidi katika vyama vingi, na hoja ya kuziacha ni ile ile siku zote: nimelipa ada, wapo watu walioajiriwa.

Historia ya mchezo wenyewe haikuanza na hoja hiyo. Katika mji wa St Andrews, Uskoti, ambao wachezaji huuheshimu kama chimbuko lao, uwanda wa pwani ulikuwa mali ya umma wa mji. Hati ya mwaka 1552, iliyotolewa na Askofu Mkuu John Hamilton, ilikiri haki ya watu wa mji kucheza gofu na michezo mingine katika uwanda ule, hata palipotolewa ruhusa ya kufuga sungura humo. Mwaka 1797 mji uliofilisika uliuza uwanda huo, ukaangukia mikononi mwa wafanya biashara wa sungura. Wachezaji na wenye sungura wakagombana kwa miaka mingi, mpaka mwaka 1821 uliponunuliwa na James Cheape, mwenye ardhi aliyeupenda mchezo. Mwishoni mwa karne hiyo mji uliurudisha mikononi mwake, na tangu mwaka 1974 unasimamiwa na amana iliyoundwa kwa sheria ya Bunge. Mpaka leo kiwanja kikongwe cha hapo kwa kawaida hakichezwi gofu siku ya Jumapili. Wenyeji hutembea juu yake na watoto wao na mbwa wao. Kumbe kiwanja mashuhuri kuliko vyote hakikuzaliwa kuwa mali ya wenye kadi. Kilizaliwa kuwa malisho, njia, na mahali pa mchezo wa watu wa mji.

Mchezo ulipoletwa Afrika Mashariki ulikuja katika vazi jingine. Chama cha gofu cha Nairobi kilianzishwa mwaka 1906, na vingine vikafuata katika miji ya watawala na katika nchi za walowezi. Vilikuwa vyama vya Wazungu. Mwafrika aliingia kwa mlango wa kazi: alikata nyasi, alibeba mfuko wa fimbo, alitafuta mipira iliyopotea vichakani. Aliyekijua kiwanja kwa kila tuta na kila mteremko hakuwa mwanachama, na mwanachama aliyekimiliki kwa hati hakukijua ila kwa kukipita. Desturi ya rangi iliondoka baada ya uhuru, na baadhi ya wachezaji hodari wa nchi hizi walitoka katika wale wabeba fimbo. Lakini mgawanyo wenyewe ulibaki: mmoja ana kadi, mwingine ana jembe. Wala mgawanyo wa nani ahesabiwe kuwa mwenyeji haukuwa wa Afrika peke yake. Chama kikongwe cha St Andrews, kilichoanza mwaka 1754, hakikupiga kura ya kuwakubali wanawake mpaka mwaka 2014. Na Muirfield, huko huko Uskoti, walikataa mwaka 2016 ndipo wakakubali mwaka 2017.

Sasa msomaji apande kutoka mji wa Same, ambako mvua ni haba na vumbi ni jingi, aelekee milimani. Upande wa Chome ardhi hubadilika rangi. Shengena, wenye kimo cha mita zipatazo 2,460, hukamata mawingu, na msitu wake huyashusha kidogo kidogo kuwa vijito. Msitu huo ni sehemu ya milima ya Tao la Mashariki, na hifadhi yake ina zaidi ya hekta 14,000. Zamani mikulo yake mikubwa ilipasuliwa mbao kwa misumeno ya mikono, na kila mti ulioanguka ulikuwa kibuyu kilichovunjwa kwa mtu wa bondeni. Vijito vitokavyo milimani humo si vikubwa. Kijito chembamba kikiachwa kipite mferejini mchana kutwa, maji hunywewa na ardhi kabla hayajafika shamba la pili. Kwa ajili hiyo Wapare tangu zamani walijenga ndiva: bwawa dogo la udongo na mawe, ambalo hujazwa usiku watu walalapo, na kufunguliwa asubuhi, ili maji yatoke kwa nguvu na kufika mbali. Kutoka ndiva hushuka mfongo, yaani mfereji, na kutoka mfongo hutoka matawi yaendayo mashambani. Kila mtu ana zamu yake.

Ndiva nyingi zilikuwa za ukoo, na nyingine zilichukua jina la aliyezianzisha. Baadaye wenye mashamba wasio wa ukoo waliingia, na kamati zikachaguliwa. Lakini sharti moja halikubadilika: ndiva hujaa tope. Kila mvua huleta udongo, na udongo ule ukiachwa misimu michache bwawa hugeuka kuwa tuta. Tope halitoki ila kwa majembe, na majembe hayaji ila kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja iitwayo kwa siku maalumu. Asiyefika hutozwa faini; aendeleaye kutofika huweza kunyimwa zamu. Anywaye maji ndiye achimbaye tope. Hapa kadi na jembe vimo katika mkono mmoja.

Ingekuwa rahisi kukomea hapo na kutoa hukumu: ndiva ni haki, kiwanja ni dhuluma. Lakini hukumu za namna hiyo ni nyepesi, na dunia ya sasa haiziachi zikae. Na uchukuliwe mfano wa mtu wa Chome aliyekwenda Dar es Salaam kutafuta riziki, kama walivyokwenda maelfu. Shamba lake lipo, linalimwa na mama yake mzee. Siku ya msaragambo ikitangazwa, yeye hutuma fedha kwa simu: siku moja ya kazi, kwa bei ya kibarua, na ziada juu yake. Mama yake hana nguvu ya kuchimba tope. Kamati inakaa chini ya mti kuamua kama fedha hiyo ipokewe.

Mzee mmoja atasema: "Ndugu zangu, tusiwe wagumu. Fedha hii italipa vijana wawili, nao watachimba kuliko ambavyo angechimba yeye na mikono yake ya ofisini. Itabaki ya kununua saruji. Ndiva haijui tope limetolewa na nani." Maneno hayo yana haki ndani yake. Yanamkumbuka mjane, mgonjwa, na aliye mbali kwa sababu ya njaa wala si kwa sababu ya dharau. Kuyakataa ni kumfanya maskini alipie umaskini wake mara mbili.

Mzee wa pili atajibu: "Ni kweli ndiva haijui. Lakini sisi twajua. Mwaka huu ametuma yeye. Mwakani watatuma watano. Mwaka wa tatu watatuma wote wenye nacho, na msaragambo utakuwa kazi ya wasio na kitu. Hapo hatutakuwa na ndiva ya wenzetu. Tutakuwa na vibarua na matajiri. Tena, siku ukingo utakapovuja usiku, vibarua watakuwa wapi?" Maneno haya nayo yana haki, na haki yake ni kubwa kuliko ionekanavyo kwanza.

Mzee wa pili ameligusa jambo ambalo hoja ya jasho lililokaushwa hailifikii. Mtu adaiwapo na kitu cha shirika hadaiwi deni moja. Yako madeni matatu yaliyofungwa katika kitambaa kimoja, na makosa huja watu wadhanipo kuwa fundo ni moja.

Deni la kwanza ni la kazi: tope litolewe, nyasi zikatwe, ukingo uzibwe. Deni hili laweza kulipwa na mtu mwingine kwa niaba. Atumaye fedha kwa kazi hii hakukosa, mradi fedha yatosha na mfanya kazi apewa ujira wa haki.

Deni la pili ni la uangalizi. Huku ni kuiona nyufa kabla haijawa pengo, kulijua kovu la mpira wako kwa sababu wewe ndiwe uliyelitia, kusikia maji yakilia mahali yasipopaswa kulia. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema umwajiri mtu wa kuziba, kwa kuwa aonaye ufa ni apitaye hapo. Chama chaweza kuajiri mtu wa kuzunguka grini zote akitafuta makovu, na vyama vingine hufanya hivyo. Lakini afikapo, jua limekwisha kupiga na nyasi zimekwisha kufa. Uangalizi haununuliki, si kwa sababu ni mtakatifu, bali kwa sababu saa yake ni ile ile ya matumizi na mahali pake ni pale pale pa mtumiaji. Aliyelipa ada akaliacha kovu hakupunguza deni hili hata senti moja.

Deni la tatu ni la insafu, yaani kukubali kipimo kimoja pamoja na wengine. Upare una kumbukumbu kubwa ya jambo hili. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilileta kodi iliyoitwa mbiru, iliyopimwa kwa kukisia mali ya kila mtu. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walishuka mpaka Same kupinga, wakakaa huko, na wanawake nao wakaingia katika mgogoro huo. Ubishi uliendelea hata mwaka 1947. Mwanahistoria Isaria Kimambo, mwenyewe Mpare, ameyaandika mambo hayo kwa urefu. Watu wale hawakuwa wavivu wa kutoa. Walikuwa watu wa msaragambo. Walichokikataa ni mchango ambao kipimo chake kimo kichwani mwa mpimaji. Siku ya kazi ni kipimo ambacho kila mtu hukiona: jua limechomoza kwa wote na limetua kwa wote. Fedha ni kipimo kinachoficha, kwa kuwa shilingi elfu ishirini ni siku nne za mmoja na dakika chache za mwingine. Faini iliyokuwa adhabu kwa maskini huwa bei kwa tajiri, na kosa likishapata bei huacha kuwa kosa.

Mwaka 1968 mwanachuoni wa Marekani, Garrett Hardin, aliandika kwamba mali ya shirika iliyoachwa wazi kwa wote mwisho wake ni kuharibika, kwa kuwa kila mtu huvuna faida yake peke yake na kuigawa hasara kwa wote. Elinor Ostrom, aliyepewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1990 kwamba watu wengi duniani wamezitunza mali za namna hiyo kwa mamia ya miaka, palipokuwa na mipaka, zamu, walinzi watokao miongoni mwao, na adhabu zipandazo kidogo kidogo. Mzee wa Chome angeweza kusikiliza habari hiyo bila mshangao mkubwa.

Hata hivyo ndiva isivishwe kanzu ya malaika. Mara nyingi jembe limo mkononi mwa mwanamke ilhali kikao cha maji kimekaliwa na wanaume. Asiye na shamba hana zamu, hata kama ameitwa kuchimba. Na maji yaliyofungwa usiku milimani ni maji yasiyofika mchana kwa mtu wa bonde la Makanya, ambaye hakualikwa kikaoni. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, iliyoundwa mwaka 1991, na sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 zimeleta vibali, ada, na jumuiya za watumia maji, ili wa juu na wa chini wapimwe kwa kibaba kimoja. Jambo hilo ni jema, lakini limeleta tena swali lile lile: mwenye kibali kilicholipiwa huweza kusema nimelipa, na kulala ukingo ukivuja.

Basi kamati ya mfano wetu iamue nini? Ipokee fedha ya mwana aliye mbali, kwa kuwa deni la kazi laweza kulipwa kwa niaba. Ikadirie fedha hiyo kwa siku za mtoaji, wala si kwa siku za kibarua, ili deni la insafu lisipotee. Na kwa deni la uangalizi isipokee fedha kabisa. Imwulize: ni nani aangaliaye kwa jina lako? Ikiwa ni mama yake, ambaye hawezi kuchimba lakini kila alfajiri hupita ukingoni na kupiga kelele aonapo maji yakitoka kando, basi kiti kikaoni ni cha mama yake. Mwana atabaki mfadhili mwenye heshima, wala sauti yake katika kugawa zamu isizidi ya bibi yule mwenye fimbo. Huenda likamwuma. Lakini mtu hawezi kuuza uangalizi wake akabaki na ukubwa uliotokana nao.

Hukumu hiyo ikishakubaliwa Chome, haiwezi kuzuiliwa mlangoni mwa chama cha gofu. Ikiwa uangalizi ndio umfanyao mtu kuwa mwenyeji wa kitu cha shirika, basi mkata nyasi ajuaye kila ugonjwa wa kila grini ana dai katika chama kile ambalo mshahara haujalimaliza, kama vile ada haijalimaliza deni la mwenye kadi. Mshahara humlipa kazi yake. Jicho lake analitoa bure. Chama chenye insafu kitampa nafasi ya kusema katika kamati ya kiwanja, kitamruhusu kucheza juu ya nyasi alizozilea, na kitamwambia mwanachama asiyeinama kuliinua kovu lake kwamba yeye ni mnunuzi wa mchezo, na mnunuzi ana haki ya alichokinunua tu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema mdai fedha. Jembe lilikuwa mlango wa kumtoa mtu katika ugeni. Aliyepewa jembe aliambiwa kuwa shamba hili sasa ni lako vya kutosha hata likuume likiharibika. Mtu aweza kulipa ada miaka arobaini, akafa mgeni katika kitu alichokiita chake.